Swali Alilouliza Binti Yangu

Sebuleni kwangu pana kabati la mninga lenye milango ya vioo. Fundi aliyelitengeneza alidhani nitapanga humo vikombe na mabirika ya wageni, kama wafanyavyo watu wengi. Mimi nikapanga vitabu. Mgeni anayeingia kwangu kwa mara ya kwanza husimama mbele ya kabati hilo, akainamisha shingo kusoma majina yaliyoandikwa migongoni, kisha huniuliza mojawapo ya maswali mawili: je, vyote hivi umevisoma? Au, kipi kimekupendeza kuliko vyote? Hayo ni maswali mepesi, nami nimekwisha kuyajibu mara nyingi hata majibu yake nayatoa bila ya kufikiri. Swali gumu niliulizwa mara moja tu, mwaka 1991, na msichana wa miaka 17. Swali hilo ndilo linalonifanya niandike habari hizi.

Lakini kwanza, ndugu msomaji, nikusimulie habari za vitabu vyenyewe, kwa maana bila ya hivyo swali halitaeleweka.

Mimi si msomi. Nilimaliza darasa la nane, nikaajiriwa ukarani wa stoo mjini Tanga, na kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu. Elimu yangu nyingine yote niliipata kwa kuazima vitabu katika Maktaba ya Mkoa, na kwa kununua kimoja kimoja kila mshahara uliporuhusu.

Kitabu cha kwanza kilichonikosesha usingizi ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1960. Wakati huo nilikuwa nikikaa kwa mjomba wangu Ngamiani, na kandili ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Ikawa nangoja watu walale ndipo niichukue. Katika kitabu hicho mtu anakutwa amekufa mahali pa mzimu, na wenyeji wanatetemeka, kila mmoja akiwa na hofu na maneno yake. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa habebwi na uvumi. Anauliza, anatazama, anavuta kiko, kisha anauliza tena. Mwishowe ukweli unatoka, nao sio ule uliokuwa midomoni mwa watu.

Kitabu hicho kilinipa hata jina. Siku moja stoo palipungua mfuko mmoja wa saruji, na wote wakamwelekezea kidole mlinzi wa usiku, mzee maskini aliyekuwa hana wa kumtetea. Nikasema tusiseme neno kwanza. Nikachukua leja, nikapitia mistari yote ya mwezi ule mmoja baada ya mwingine, nikakuta mfuko huo uliandikwa mara mbili siku ulipopokelewa. Haukuibwa, kwani haukuwapo. Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Bwana Msa, nami jina hilo nikalifurahia kama cheo.

Baada ya hapo nikaingia kwa Shaaban Robert, na mtu wa Tanga haingii kwa Shaaban Robert kama mgeni. Alizaliwa Vibambani, karibu na mji wetu, mwaka 1909, na alipofariki mwaka 1962 wazee wetu walimzungumza kama mtu wa nyumbani. Nilianza na Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Ni habari za nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na siku baada ya siku anawasimulia wakuu wa nchi habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali. Wajumbe hao walirudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa adhabu.

Nitasema kweli jinsi nilivyokisoma. Nilikisoma kwa ajili ya maneno. Kulikuwa na sentensi nilizoziiba nzimanzima, nikazitumia katika hotuba za arusi na katika mikutano ya wafanyakazi, na watu wakapiga makofi. Shauri la Karama lenyewe nililiona ni mti wa kutundikia maua hayo. Wengine walisema kuwa ni fumbo juu ya utawala wa kikoloni, nami nikawa nasema hivyohivyo, nikakiweka kabatini nikiamini kwamba nimekimaliza.

Cha tatu ni Utenzi wa Hati, ambao Shaaban Robert alimtungia binti yake Mwanjaa. Nilipopata watoto niliona utenzi huo umenifaa mno. Binti yangu alipofika miaka 10 nilimkaririsha beti nyingi. Alikuwa akisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, naye akikosea namrudisha mwanzo. Wageni walimsifu mtoto, nami nikazipokea sifa zake kama zangu.

Kisha kuna Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, wakati nilipokuwa kijana ninayejiandaa kuoa. Kilikatazwa mashuleni kwa muda, ingawa baadaye kikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa, na kila kijana wa rika langu aliyejua kusoma alikitafuta kwa sababu ya katazo hilo. Kilipita mikononi kwa siri, kimefungwa kwa gazeti. Nilikisoma kwa usiku mmoja, na naona haya kusema kuwa niliruka kurasa nyingi nikitafuta zile zilizosemwa. Nilipomaliza nilitoa hukumu ya haraka: huyu ni msichana aliyeharibika, na mwisho wake ni funzo kwa wasichana. Baba yake Rosa, Zakaria, sikumtilia maanani hata kidogo. Nilimpita kama mtu anavyopita nguzo ya simu.

Hivi ndivyo nilivyokuwa msomaji hodari, na hivi ndivyo nilivyoingia katika mwaka 1991.

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, akaja nyumbani likizo ya mwezi wa sita. Jioni moja nilikuwa nikitafuta kalamu, nikafungua daftari lake la jiografia lililokuwa mezani. Ndani yake mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne. Nikaisoma. Ilikuwa hati ya mtu mzima, mwanamume, yenye maneno ya mapenzi, na ahadi, na mahali pa kukutana. Hapakuwa na jina la anayeandikiwa.

Nilimwita. Akaja, akaiona barua mkononi mwangu, akasema, "Baba, nilikuwa nataka..." Hakumaliza. Nilimpiga kofi, kisha nikavua mkanda. Mama yake alipoingia kati nilimsukuma. Nilimwambia mtoto kwamba shule imekwisha, na kwamba ada yangu si ya kusomesha malaya. Neno hilo nililisema kwa mdomo wangu. Kisha nikaenda uani nikaitia barua katika jiko la mkaa, nikasimama pale mpaka ikawa majivu.

Mtoto hakulia. Asubuhi mama yake alimpeleka Korogwe kwa mama yake mkubwa, akaniambia anakwenda kusaidia mavuno, nami nikajifanya kuwa nimesadiki.

Wiki tatu zikapita. Usiku mmoja, taa imekwisha kuzimwa, mke wangu akasema pole pole, kama mtu anayesoma kitu gizani: "Ile barua haikuwa yake." Akanieleza. Barua iliandikwa na mwalimu mmoja, ikapelekwa kwa rafiki wa binti yetu, msichana waliyelala naye bweni moja, naye ilikuwa si ya kwanza. Msichana huyo aliogopa kuikataa na aliogopa kuikubali, na kwao hakuwa na mtu wa kumwambia. Binti yetu ndiye aliyeiomba aje nayo nyumbani. Alimwambia mwenzake, "Baba yangu anasoma sana vitabu, atajua la kufanya."

Sikulala. Hasira hasara, wazee wamesema, lakini hawakusema kwamba hasara yenyewe huenda ikamwangukia mtu ambaye hayumo nyumbani mwako.

Asubuhi nikapanda basi la Korogwe. Nilimkuta binti yangu amekaa juu ya jamvi chini ya mwembe, anapukuchua mahindi. Aliponiona aliinuka, akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo baba," akanitafutia kiti. Nikakataa kiti, nikakaa juu ya jamvi. Kwa desturi zetu mtoto ndiye anayemwendea mzazi kuomba radhi. Njia ya kwenda upande wa pili haijakanyagwa sana, na mguu haujui pa kutua. Nikachukua gunzi, nikaanza kupukuchua na mimi. Baada ya muda nikasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nimekuja kukuomba msamaha." Shemeji yangu, aliyekuwa akikoroga chungu jikoni, akaacha kukoroga.

Binti yangu alikaa kimya. Kisha akaniuliza, wala hakuniuliza kwa ujeuri, bali kama mtu anayetaka kujua: "Baba, vile vitabu vyote unavyosoma, vinakufundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu kwamba atarudi shule, na kwamba nitakwenda mwenyewe kusema na wakubwa. Akauliza, "Barua iko wapi?" Nikamwambia nimeichoma. Akayatazama mahindi.

Nilikwenda. Nikaambiwa kwa upole kuwa bila ya karatasi hayo ni maneno ya wasichana, na kwamba mwalimu ana jina lake la kulinda. Bwana Msa wa stoo, aliyepekua leja ya mwezi mzima kwa ajili ya mfuko mmoja wa saruji, alikuwa ameuchoma ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha yule rafiki wa binti yangu alipata mimba, akafukuzwa. Siku hizo mimba ndiyo iliyokuwa kwaheri ya shule. Ruhusa ya mama kijana kurudi darasani katika shule za serikali ilitolewa Novemba 2021, miaka 30 baadaye, na kwa msichana yule haikuwa na faida tena.

Mwaka uliofuata nilianza kusoma upya. Sikusoma kwa starehe. Nilisoma kama karani anayefanya hesabu ya mali baada ya wizi.

Nilianza na Rosa Mistika. Safari hii sikuruka kurasa, na sikufika mbali kabla ya kukwama, kwa sababu mapema tu katika kitabu hicho baba anampiga binti yake kwa ajili ya barua. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo miaka 20 nyuma, ikapita kama maji juu ya jani la mgomba. Nikatafuta tofauti kati yangu na Zakaria. Yeye mlevi, mimi situmii. Yeye ameitupa nyumba yake, mimi nalipa ada. Nilihesabu tofauti hizo kwa bidii, kisha nikaona kwamba mtu asiyefanana na mwingine hahitaji kuhesabu. Sikubaliani na kila kitu katika kitabu hicho. Hata leo naona kwamba mwisho wake unarundika misiba mingi kwa haraka, na kwamba ukali wa baba peke yake hauelezi yote yanayompata Rosa. Lakini lile moja, kwamba nyumba isiyosikiliza humfundisha mtoto kuficha, sikuweza kulikataa.

Nikafuata Shujaa Okonkwo, tafsiri ya kitabu cha Chinua Achebe kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1958. Zamani nilimpenda Okonkwo kwa nguvu zake: mtu aliyezaliwa na baba mvivu mwenye madeni, akajijenga mwenyewe. Sasa niliona jinsi anavyotembea na hofu, hofu ya kuonekana dhaifu, na jinsi hofu hiyo inavyomtuma kumpiga panga mtoto Ikemefuna aliyezoea kumwita baba. Lakini palinigusa zaidi pengine. Usiku mmoja kuhani anambeba Ezinma, binti ampendaye Okonkwo kuliko wote, anakwenda naye pangoni. Okonkwo, yule asiyeonyesha huruma mbele ya watu, anafuata gizani, anafika pangoni, anarudi, anakwenda tena, mara kadhaa usiku uleule, wala hamwambii mtu. Nilifunga kitabu nikakaa. Nilijua habari za kupenda kwa siri na kuadhibu hadharani. Nikajiuliza kwa nini sisi akina baba tumekubali mpango huo kinyume chake, na ni nani aliyetupa.

Kusadikika nilikirudia kwa woga. Maneno mazuri yalikuwa palepale, ila safari hii sikuyasikia. Nilisikia jambo moja tu. Karama alisimama mbele ya baraza lililomchukia, nalo likamsikiliza siku baada ya siku, mpaka hukumu ikageuka, akaachiliwa, na wale wajumbe wakafunguliwa pamoja naye. Watawala wa nchi isiyokuwapo, watu ambao mwandishi amewachora wawe mfano wa udhalimu, walimpa mshtakiwa siku nzima nzima. Mimi sikumpa mwanangu nafasi ya kumaliza sentensi.

Na Utenzi wa Hati? Huo sikuufungua kabatini. Beti nilizijua kwa moyo kwa vile nilivyomkaririsha mtoto. Nilikuwa nikioga alfajiri nilipojikuta nausema, nikafika mwanzoni mwake kabisa, na hapo nikasimama na kata mkononi. Kwa maana utenzi ule unaanza kwa baba kumwita binti yake aje aketi karibu naye. Ndipo maneno mengine yote yanapofuata, wasia, na makatazo, na adabu. Kwanza ni kuketi. Mimi nilimfundisha mtoto wangu utenzi ule akiwa amesimama.

Miaka imepita. Binti yangu alimaliza shule, akasomea ualimu, na leo yeye mwenyewe ana watoto wakubwa. Hatukuzungumza tena juu ya Korogwe. Ila nimeambiwa na wengine kwamba katika shule alizofundisha, wasichana wenye shida walijua mlango wa kugonga.

Macho yangu yameingia ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho, na maandishi madogo siyaoni tena. Kwa hiyo siku za mapumziko binti yangu huja kunisomea. Juzijuzi alileta Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022. Nilifurahi kwanza kwa sababu isiyokuwa na maana kubwa: nilifurahi kusikia mtu wa pwani ya kwetu akirudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani, baada ya safari ndefu namna ile.

Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka 12. Siku moja anaambiwa kwamba atafuatana na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumchukulia kama ndugu wa wazazi wake. Anapanda gari la moshi akidhani ni matembezi. Kumbe ameshikwa badala ya deni la baba yake, na habari hiyo hapewi na mzazi wake, bali anakuja kuijua ugenini.

Binti yangu alipofika hapo alinyamaza. Nilidhani anageuza ukurasa. Kisha akasema, "Hakuna aliyemwambia kitu, baba. Wala hakuna aliyemuuliza."

Nikasema, "Hakuna."

Tukakaa hivyo kwa muda. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Nikamwambia, "Uliniuliza zamani vitabu vinanifundisha nini."

Akasema, "Nakumbuka."

Nikamwambia hivi nilivyofikia, nami najua kuwa jibu hili halijatosha. Nilimwambia kwamba vitabu vyote vilikuwa vimeniambia jambo lilelile kabla ya siku ile: Bwana Msa kwa kiko chake, Karama kwa utetezi wake, Rosa kwa maisha yake, na Shaaban Robert kwa kumwita mwanawe aketi. Vyote viliniambia niulize kwanza. Wala sikukosa kuvielewa, kwa kuwa kule stoo niliyatenda hayo kwa mzee mlinzi. Ila nilidhani kwamba ni elimu ya kutumia nje, kama viatu, na kwamba mtu akifika mlangoni kwake huvivua.

Hakujibu. Alitafuta mahali alipoachia, akaendelea kusoma, na sauti yake haikubadilika. Mimi nilisikiliza mpaka jua likatua.

Karibu na kabati langu nimeweka kigoda. Wageni hudhani ni cha kupandia ili kufikia vitabu vya juu. Wajukuu wangu wanajua kazi yake. Mmoja wao akija kwangu na jambo, hata liwe dogo, hata nikiwa nimeshikwa na hasira, sharti kwanza akae juu ya kigoda hicho, na mimi ninyamaze mpaka amalize.